Hekalu la Mama Amba kule Ambaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ambaji ni wapi?

Ni mji mdogo wa mahujaji kwenye vilima vya Arasur, wilaya ya Banaskantha, kaskazini mwa jimbo la Gujarat, India, karibu kabisa na mpaka wa Rajasthan. Mji umechukua jina la mwenyewe: Amba, mungu wa kike ambaye Wahindu wa Gujarat humwita kwa mkato Mataji, yaani Mama. Mtu akisema "naenda Ambaji" huwa amesema mawili kwa mpigo.

Na tuweke sawa neno moja mapema, maana huwachanganya wengi. Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Zanzibar na Dar es Salaam ni Waislamu, na hekalu hili haliwahusu.

Ndani kuna sanamu ya namna gani?

Hakuna sanamu. Ukilishika hili, nusu ya maswali mengine yanajijibu.

Katika chumba cha ndani kabisa ukutani kuna kidaka, mfano wa vile vidaka vya nyumba za mawe za Lamu. Wenyewe hukiita *gokh*. Ndani ya kidaka hicho imewekwa Visa Yantra, bamba lenye mchoro wa mistari na herufi takatifu 51, mgongo wake umebinuka kama gamba la kobe. Visa hapa si wingi wa kisa, wala si viza ya pasipoti. Neno linatokana na *vis*, ishirini kwa Kigujarati. Kinachoabudiwa ni bamba hilo, na bamba hilo halionekani.

Mbona mimi nilimwona Mama kwa macho yangu, ana taji na amekaa juu ya simba?

Uliona mapambo. Makuhani hukivika kidaka chenyewe: nguo ya hariri, taji, mikufu, maua, na mnyama wa kupanda. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi hata mtu aliyesimama kwenye ukumbi wa mbele, mita chache tu, anaapa ameona uso. Sogea, angalia vizuri: taji lipo, shela ipo, lakini pale panapopaswa kuwa na uso pana kivuli.

Mnyama hubadilishwa kila siku ya wiki. Jumapili ni chui milia, Jumatatu ni fahali Nandi, Jumanne simba, Jumatano tembo aliyeinua mkonga, Alhamisi ndege Garuda, Ijumaa bata maji, Jumamosi tembo aliyeshusha mkonga. Ndiyo maana watu wawili wa kundi moja, mmoja kaingia Jumanne jioni na mwenzake Jumatano asubuhi, hubishana hotelini kila mmoja akidai mwenzake hakuona vizuri.

Ni kweli kuhani hufungwa macho?

Kweli. Yantra hairuhusiwi kutazamwa kwa macho matupu, na katazo linamhusu hata yule anayeihudumia. Ibada ya yantra yenyewe hufanywa na kuhani aliyefungwa kitambaa cheupe machoni, mikono ikifuata mpangilio aliouzoea kwa miaka. Siku yake kubwa ni ya nane ya kila nusu angavu ya mwezi, yaani mwezi unapokua kuelekea mpevu.

Kwa sababu hiyo hiyo picha ni marufuku. Zile "picha za Visa Yantra ya Ambaji" zinazouzwa kwenye vibanda na mitandaoni ni michoro ya yantra nyingine za aina hiyo. Nunua ukipenda kuitundika nyumbani, ila usidhani umenunua sura ya kile kilichomo kidakani.

Kwa nini mahali hapa ndipo patakatifu?

Kisa kinaanza na Sati, binti wa mfalme Daksha, aliyeolewa na mungu Shiva bila ridhaa ya baba. Daksha aliandaa kafara kubwa, akaalika miungu yote, akamwacha mkwe wake makusudi. Sati akaenda hivyo hivyo, akatukaniwa mumewe mbele ya watu, akajitupa motoni. Shiva alipopata habari akaubeba mwili wa mkewe begani, akazunguka ulimwengu akicheza ngoma ya maangamizi. Vishnu, ili kuunusuru ulimwengu, akaukatakata mwili ule kwa gurudumu lake la vita, na kila kipande kilipoanguka pakawa kiti cha nguvu za mungu wa kike: *shakti peeth*. Hesabu inayotajwa zaidi ni 51. Ambaji ulianguka moyo.

Kuna na simulizi za wenyeji, na hizi ndizo wazee wa Arasur hupenda zaidi. Mchungaji mmoja aliona ng'ombe asiyemjua akila malisho pamoja na kundi lake kila siku. Jioni moja akamfuata hadi juu ya kilima cha Gabbar ili adai ujira wa kuchunga. Akamkuta mwanamke mwenye nguo za fahari akipembea kwenye bembea, naye akampa kiganja cha shayiri. Mchungaji akaona amedharauliwa, akazimwaga njiani. Nyumbani punje chache zilizonasa kwenye nguo zilikuwa dhahabu. Aliporudi mbio, hakukuta jumba wala bembea.

Pia husemwa kwamba mungu Krishna alinyolewa nywele zake za kwanza Gabbar, na ndiyo maana hadi leo wazazi huleta watoto wao kunyolewa huku.

Hekalu lenyewe lina umri gani?

Tenganisha mambo matatu: ibada, mahali, na kuta.

Kuta unazoziona leo ni mpya. Ujenzi mkubwa wa marumaru nyeupe ulianza 1975 na umeendelea kwa awamu, pamoja na kuvisha dhahabu kilele. Mgeni anayetarajia mawe yaliyoliwa na karne atashangaa kukuta jengo jeupe linalometameta kama limekabidhiwa wiki iliyopita.

Mahali na ibada ni vya kale sana, na ushahidi mzuri uko kwa majirani. Karibu na mji, pale Kumbhariya, yapo mahekalu matano ya Wajaini (watu wa dini nyingine ya kale ya India) ya karne ya 11 hadi ya 13. Na juu ya Mount Abu, mlima ulio upande wa Rajasthan, mwendo wa kilomita 45 hivi, lipo hekalu la Vimal Vasahi lililowekwa wakfu 1031 na Vimal Shah, waziri wa mfalme Bhima I wa Gujarat. Wajaini nao humheshimu Amba, kwa jina la Ambika, kama mlinzi, na mapokeo yao yanamtaja Vimal kuwa mja wake. Marumaru ya hekalu hilo, yale maua ya mawe membamba hadi mwanga unapenya, ilichimbwa vilima hivi hivi vya Arasur. Kwa hiyo miaka elfu moja iliyopita, mungu huyu na jiwe la huku vilikwisha kujulikana mbali.

Baadaye eneo lilikuwa chini ya watawala wa Danta, Warajputi wa ukoo wa Parmar, ambao ndio waliolisimamia hekalu na mapato yake. Danta iliunganishwa na India huru mwaka 1948. Leo hekalu linaendeshwa na amana ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya ya Banaskantha.

Gabbar ni nini, na lazima nipande?

Ni kilima cha mwamba kilomita nne hivi kutoka hekaluni, na waumini huhesabu Gabbar kuwa ndiko alikoanzia Mama. Ngazi zinahesabiwa 999. Juu kuna kibanda kidogo cha ibada chenye taa isiyozimwa, alama za nyayo mwambani, na mahali pa bembea ile ya kisa cha mchungaji. Chini kidogo, kuzunguka kilima, imejengwa njia ya karibu kilomita tatu yenye nakala za shakti peeth zote 51, iliyofunguliwa 2014.

Si lazima kupanda, lakini ukiuliza, utaambiwa hija bila Gabbar ni nusu. Mwenye magoti mabovu apande kigari cha waya. Wa miguu aanze kabla ya jua: jiwe hupata moto upesi, na kwa kuwa sehemu za ibada huingiwa bila viatu, ukichelewa hadi saa tano utacheza ngoma usiyoijua. Nyani wa Gabbar ni wezi hodari. Mfuko wa plastiki mkononi kwao maana yake ni chakula, hata kama ndani mna dawa zako za presha.

Ibada ya siku ikoje, na niende saa ngapi?

Mhimili wa siku ni *arati*, kuzungusha taa za samli mbele ya kidaka huku kengele na ngoma zikipigwa. Kwa kawaida ya asubuhi huwa saa 1:30 na ya jioni saa 12:30. Baada ya ile ya asubuhi watu hupita kumtazama Mama hadi karibu na saa sita kasoro, kisha pazia hushushwa apate chakula chake, halafu hufunguliwa tena mchana. Saa hizi husogezwa kufuatana na majira, kwa hiyo angalia ubao wa hekalu siku ile ile, usitegemee karatasi ya mwaka jana.

Wakati wa joto kali, kuanzia sikukuu ya Akha Trij (Aprili au Mei) hadi mwanzo wa mwezi wa Ashadh (Juni au Julai), huongezwa arati ya tatu adhuhuri. Hapo hutumika kioo: mwale wa jua hudakwa nje na kuelekezwa ndani umwangukie Mama. Ni dakika chache tu, na wingu moja linatosha kuharibu.

Kosa la kawaida la wageni ni kufika dakika tano kabla ya arati wakidhani watakaa mbele. Walio mbele wameshakaa tangu saa nzima. Kama unataka kuona kidaka kwa utulivu, njoo baada ya arati umati unapopungua, na siku ya kazi. Epuka Jumapili na siku ya mwezi mpevu ya mwezi wowote ule.

Nibebe nini, niache nini?

Viatu, kamera na simu huachwa nje. Mkanda na pochi ya ngozi pia ni afadhali uviache hotelini. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Kitambaa cha pamba kinatosha, hakuna anayekudai sari.

Sahani ya sadaka huuzwa sokoni mbele ya lango: nazi, *chundadi* (shela nyekundu yenye nakshi za kung'aa), kumkumu (unga mwekundu wa ibada), ubani, maua na peremende za sukari. Muulize bei muuzaji kabla hajakuwekea sahani mkononi, akishakuwekea, mmekubaliana. Ndani, kuhani huchukua sahani, huigusisha mbele ya kidaka, hurudisha sehemu yake. Kilichorudi ndicho *prasad*, hakitupwi wala hakiachwi juu ya ukuta.

Jingine ambalo Wahindi wa Afrika Mashariki husahau: Gujarat ni jimbo lisiloruhusu pombe. Chupa ya dyuti-fri kwenye begi bila kibali inaweza kukuletea matatizo makubwa.

Bhadarvi Poonam ni sikukuu gani?

Ni mwezi mpevu wa mwezi wa Bhadarvo, mara nyingi Septemba, na ndiyo siku kubwa kuliko zote hapa. Mahujaji kwa malaki huja kwa miguu kutoka kila pembe ya Gujarat. Kutoka Ahmedabad ni kama kilomita 180, mwendo wa siku tano hadi saba. Wanatembea kwa makundi yanayoitwa *sangh*, bendera nyekundu mbele, mkokoteni uliopambwa katikati, na kiitikio kimoja usiku na mchana: "Bol mari Ambe!" mmoja anaita, "Jai jai Ambe!" wanajibu.

Wanaoshindwa njiani huwa ni vijana wenye nguvu siku ya kwanza. Wanaenda kilomita 45 kwa furaha, siku ya pili miguu ina malengelenge, siku ya tatu wako kwenye basi. Wazoefu hufanya 25 hadi 35 kwa siku, wanaanza saa tisa usiku na kulala mchana, kwa sababu Bhadarvo ni mkia wa masika ya huko na jua linalotoka baina ya mvua lina fukuto la kuchosha. Viatu ni vile ulivyokwisha kuvizoea, si vipya. Soksi mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Lengelenge usilitumbue barabarani kwenye maji ya matope.

Chakula hakikupi shida: barabara nzima ina kambi za kujitolea zenye wali, dengu, chai, dawa na watu wa kukukanda miguu bila malipo. Hatari iliyopo ni magari usiku. Vaa kitu kinachoakisi mwanga.

Kundi likifika, hupandisha *dhaja*, bendera ya kilele. Ile kubwa ina *gaj* 52, karibu mita 47 na nusu za kitambaa, na hubebwa na watu wengi mstari mmoja kama nyoka mwekundu anayeingia mjini. Baada ya sikukuu hufuata siku ya *prakshalan*: hekalu hufungwa mapema kwa umma, na vito na vyombo vya Mama husafishwa.

Kwa nini tarehe hazitulii?

Mwezi wa Kihindu ni wa mwandamo kama wa Kiislamu, mwaka ukiwa na siku 354 hivi. Tofauti ni kwamba Ramadhani huachiwa izunguke majira yote, ilhali kalenda ya Kihindu huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka mitatu hivi ili sikukuu zisitoke kwenye majira yake. Mwaka 2023 uliongezewa mwezi, na 2026 vilevile. Ndiyo sababu Navratri, sikukuu ya usiku tisa, iliyoanza Septemba 22 mwaka 2025 inasogea hadi Oktoba 2026. Usikate tiketi kwa kukisia.

Navratri huadhimishwaje, na inahusianaje na ngoma za garba tunazoziona Dar na Nairobi?

Navratri ni usiku tisa wa mwezi wa Aso. Ambaji kila jioni watu hucheza kwenye Chachar Chowk, uwanja wazi mbele ya hekalu, na kwa mapokeo koo za Nayak na Bhojak huigiza *bhavai*, michezo ya jukwaani ya kale ya Gujarat.

*Garbo* kwa asili ni chungu cha udongo chenye matundu, ndani taa. Neno linatokana na *garbha*, tumbo la uzazi. Wachezaji huzunguka chungu hicho, mwendo wa kinyume na saa, wakipiga makofi mawili au matatu kwa mzunguko wa hatua. Huko nako, utaona, katikati si lazima pawe na sanamu: kuna chungu na mwanga unaochungulia matunduni.

Wahindu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala asili yao ni Gujarat, na Navratri walikuja nayo. Desemba 2023 UNESCO iliiweka garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Kumbi za miji yetu zina spika kubwa na mavazi ya kukodi, na wazee hulalamika kwamba chungu kimesahauliwa pembeni. Wana haki ya kulalamika.

Nikitaka kuweka chungu na shayiri nyumbani kwa siku tisa za Navratri, nafanyaje?

Chukua sinia la udongo, weka udongo mwepesi kina cha sentimita tano. Loweka gramu 100 za shayiri usiku mmoja, tandaza juu bila kurundika, funika na udongo mwembamba. Katikati weka chungu cha maji, majani matano ya mwembe mdomoni na nazi juu. Nyunyiza maji kwa mkono asubuhi na jioni. Siku ya tisa miche huwa na urefu wa kidole au zaidi.

Isipoota, mara nyingi sababu ni mbegu. Shayiri ya supu inayouzwa madukani imekobolewa, haioti hata uifanyie ibada gani. Tafuta yenye ganda, au tumia ngano nzima, inakubalika. Ikioza na kunuka, ulimwaga badala ya kunyunyiza. Miche kuwa ya njano si dalili mbaya, imekosa jua tu.

Taa ya samli inayowaka siku tisa iwekwe ndani ya kioo, mbali na pazia. Ongeza samli ikiwa bado nusu. Ukisubiri ifike chini utambi huungua wenyewe na taa huzimika ukiwa umelala.

Mohanthali ya Ambaji hupikwaje?

Ndiyo prasad ya hekalu: kipande kitamu cha mraba cha unga wa dengu, samli na sukari. Mnamo Machi 2023 iliondolewa ikawekwa chiki, yaani kashata ya karanga, kwa hoja kwamba inakaa muda mrefu bila kuharibika. Waumini walikataa katakata, na ndani ya wiki mbili mohanthali ikarudi. Sasa vyote viwili hutolewa.

Kwa kiasi cha nyumbani: unga wa dengu gramu 250 (ule wa bajia, lakini uliosagwa kwa chenga), samli gramu 200, sukari gramu 250, maji mililita 120, maziwa vijiko vitano, iliki ya kusaga kijiko cha chai, lozi za kukata.

Pasha vijiko viwili vya maziwa na viwili vya samli, mimina kwenye unga, fikicha kwa vidole hadi uwe kama mchanga wa pwani uliolowa. Gandamiza, funika nusu saa, kisha pitisha kwenye chekeche la matundu makubwa. Hatua hii ndiyo huleta chenga; ukiiruka utapata tope tamu. Yeyusha samli iliyobaki, kaanga unga moto mdogo dakika 15 hadi 20, bila kuacha kukoroga, mpaka uwe rangi ya hudhurungi na samli ianze kujitenga. Nyunyiza maziwa yaliyobaki: utafura na kutoa povu. Epua, upoe kidogo.

Chemsha sukari na maji hadi tone kati ya vidole viwili livute uzi mmoja usiokatika haraka. Changanya na unga, tia iliki, mimina kwenye sinia lililopakwa samli, tupia lozi, acha saa nne ndipo ukate. Ikibaki laini kama uji, shira haikufika uzi. Ikimeguka kama udongo mkavu, shira ilipita. Ikiwa na ladha chungu, unga uliungua chini, na hapo hakuna dawa.

Naweza kuisafirisha hadi nyumbani?

Hukaa siku saba au nane penye joto la kawaida, na samli hutoka ikiloanisha nguo. Ifunge kwenye kopo la bati, usitumie karatasi. Ukiwa na safari ndefu kupitia Mumbai, chukua chiki iwe ya kugawa, na mohanthali kidogo ya wale wa nyumbani.